Oda Iliyokwenda Mara Mbili

Watu wakiniambia kisasi ni cha Mungu, naitikia amina, kisha naendelea na shughuli zangu. Mungu ana kazi nyingi. Hii niliifanya mwenyewe.

Nilikuwa karani wa saiti Basotu, tukijenga madarasa karibu na ziwa. Kazi yangu ilikuwa kuagiza vifaa kwa simu: unafungua programu ya kampuni, unajaza saruji au nondo, unatuma, lori linakuja. Siku moja niliagiza saruji, yakaja malori mawili badala ya moja. Stoo ilikuwa ndogo. Mzigo wa lori la pili ukashushwa nje, mvua ikanyesha, saruji ikaganda ndani ya mifuko ikawa mawe.

Aliyetengeneza ile programu alikuwa injinia wa kompyuta wa kampuni yetu, msemaji kweli kweli. Akaja saiti, akatukusanya wote, mafundi, vibarua, mpaka mama ntilie, akaninyooshea kidole. "Mfumo haukosei. Huyu dada ameagiza mara mbili makusudi, nusu akauze." Nilifukuzwa palepale. Nilidandia lori la ngano, nikalia kwa hasira mpaka karibu na nyumbani Gitting.

Habari zilikuwa zimenitangulia. Baba alikuwa mtunza sadaka kanisani tangu sijazaliwa. Hakuna aliyemwambia lolote. Walimwomba tu apumzike, umri umekwenda, wakamkabidhi mtu mwingine. Sokoni mama aliwasikia wakisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Baba akahamia benchi la nyuma, na hakuniuliza hata siku moja kama niliiba. Huko kutoniuliza kuliniuma kuliko kile kidole. Na kibaya zaidi, mimi mwenyewe sikuwa na uhakika. Nikiwa shambani napalilia nilijiuliza: au niliteleza nikabonyeza mara mbili?

Nikaenda Babati kusomea kompyuta. Nilipomaliza, kampuni nyingine inayojenga shule na zahanati Mbulu na Hanang ikanipa kazi ya kupima mifumo mitatu ya kusimamia ujenzi, na kuiandikia maelezo ya Kiswahili ambayo karani wa saiti atayaelewa. Hasa nilitakiwa kupima kile wanachokiita API, yaani mlango ambao programu ya kwenye simu hupitia kuzungumza na kompyuta ya ofisini. Nilipofungua mfumo wa tatu nikakuta picha ya mwenye nao. Nani kama si yule injinia wa Basotu! Sasa ana kampuni yake, na tai juu.

Nilifurahi mpaka nikapiga vigelegele peke yangu. Nikaapa nitampima kwa haki, maana nilimfahamu: uonevu angepata pa kuulalamikia, haki asingepata.

Mifumo hii ukiipimia mjini yote ni mizuri. Mimi niliipeleka Yaeda Chini, kwenye zahanati tuliyokuwa tunaijenga, ambako mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe. Kwa kila mfumo nilituma oda ya majaribio mara moja tu, na mtandao ukakatika kabla jibu halijarudi. Mfumo wa kwanza ulipopata mtandao uliuliza kwanza kama oda ilifika. Wa pili ulituma tena, lakini kila oda ilikuwa na namba yake, na kompyuta ya ofisini ikajibu kwamba hii imeshaipokea. Wa yule bwana ulituma tena kimyakimya, na ofisini zikaandikwa oda mbili. Nikarudia jaribio. Mbili tena. Ukimwita jirani ng'ambo ya bonde akuazime jembe, usiposikia jibu ukaita tena, hakuletei majembe mawili. Mfumo wake ungeleta.

Nilikaa chini kwenye vumbi nikapiga ukelele, mbuzi wa watu wakatawanyika. Basotu nako mtandao ulikuwa hivihivi, wa kukatika-katika. Kumbe sikuteleza! Miaka yote ile najishuku bure! Kweli, Mungu hamfichi mnafiki.

Haukupita muda mrefu yule bwana akanipigia simu, sauti imejaa asali. "Dada, nasikia tathmini iko mikononi mwako. Tusaidiane basi." Nikamwambia mimi ndiye yule karani wa Basotu. Kisha nikamwambia aje Gitting Jumamosi, amweleze baba yangu kilichotokea, nami nitamweleza tathmini imefikia wapi.

"Nitakuja, dada. Hakuna shida kabisa."

Alikuja, viatu vyake vya ofisini vimejaa matope. Baba alikuwa ameketi uani, mama amesimama mlangoni, na nilikuwa nimewaita wazee wawili wa kanisa.

"Shikamoo, mzee."

Baba alimtazama, hakuitika. Kwetu hata mtu mliyegombana naye shambani, shikamoo yake huitikiwa. Akarudia, akapata kimya kilekile. Jasho likaanza kumtoka.

"Sema," baba akamwambia.

Akasema. Kwamba oda ilitumwa mara moja, mfumo wake ndio ulioirudia. Kwamba mimi sikuiba hata mfuko mmoja.

"Ulijua lini?"

Akaangalia chini. "Wiki ileile, mzee."

Mama akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Wiki ileile! Angefungua mdomo wake wakati ule, baba asingekaa benchi la nyuma hata Jumapili moja. Nilitamani kumzaba kibao. Wazee wa kanisa wakatazama pembeni, na mmoja wao akamwambia baba, "Tusamehe, ndugu yetu." Baba akainuka, akaingia ndani bila kumuaga mgeni.

Nilimsindikiza yule bwana mpaka kwenye gari, maana ndiyo adabu. Akajifuta uso kwa leso.

"Dada, nimefanya ulichotaka. Haya, tathmini?"

"Niliituma jana, kaka. Mfumo wako umeshika mkia. Mpaka leo unarudia oda."

Akanikodolea macho. "Jana? Sasa kwa nini umeniacha nije mpaka huku?"

"Kwa sababu baba alikuwa anakusubiri," nikamjibu, nikamfungulia mlango wa gari.