Kushoto Kuko Sawa

Baba alisema nisipopata leseni atauza pikapu. Alisema hivyo akipuliza chai, kana kwamba anasimulia hali ya hewa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina miaka kumi na minane, na nilidhani nimesikia vibaya. Pikapu hiyo ndiyo ilibeba nyanya zetu kutoka Kalama hadi soko la Machakos. Bila hiyo tungebaki kuwauzia madalali wanaokuja shambani na bei yao tayari mfukoni. Na Baba alikuwa na leseni tangu sijazaliwa. Kwa nini shamba zima linitegemee mimi?

"Si wewe unaendesha?" nikamuuliza.

"Nimechoka, mami." Wazee wa kwetu huwaita binti zao hivyo wakitaka maswali yaishe.

Nikamtazama Mama. Mama akaanza kukusanya vikombe.

Basi nikapata leseni ya muda, ile ya wanaojifunza, nikajiunga na shule ya udereva mjini. Huko nikazidi kuchanganyikiwa. Mwanzoni hatukugusa usukani kabisa. Tulisimama kuzunguka ubao mkubwa uliochorwa mji mzima, tukisukuma vigari vya kuchezea kwa vidole. "Toka hospitali, nenda posta!" mwalimu anafoka, nawe unasukuma kigari chako ukieleza unapita upande gani na kwa nini. Mji huo haukuwa na mbuzi hata mmoja, wala boda boda ya kuchomoka kusikojulikana. Nilijiuliza ni nchi gani tunayofunzwa kuendesha.

Gari lenyewe halikunisumbua. Mwalimu aliketi kushoto kwangu na mdomo wake haukufunga: punguza, angalia huyo mama, kushoto hakuna mtu, ingia. Hilo nililizoea. Kwetu, anayekaa mbele na dereva ndiye husoma barabara. Tangu shule ya msingi nilikaa kando ya Baba nikimsomea: tuta mbele, mbuzi wanavuka, kushoto kuko sawa. Nikisinzia alinigusa goti. Nilidhani kila familia yenye gari hufanya hivyo, kama vile mtu humshikia mwenzake ngazi akipanda.

Siku ya mtihani nilimsomea Baba hadi mjini. Akaegesha karibu na ukuta, akanishika mkono. "Usiniangushe," akasema. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho, nami sikuelewa anaogopa nini, maana anayetahiniwa ni mimi.

Ubao niliupita vizuri. Kisha afande wa kututahini akaingia garini, akafunga mkanda, akanyamaza. Nilimwona mvivu kupindukia. Nikaendesha huku nimenuna, mpaka makutano ya kuingia barabara kubwa. Hapo nikasimama, nikangoja. Nyuma yetu watu wakaanza kupiga honi.

"Mbona huendi?"

"Nangoja uniambie, afande. Kushoto kuko sawa?"

Akanigeukia polepole. "Unaniuliza mimi? Kwani hauna macho?"

"Niko nayo. Lakini si wewe ndio uko upande huo?"

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Baba."

Nilitarajia acheke au anishushe. Hakufanya lolote kati ya hayo. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na baba yako anaona vizuri?"

Nilikuwa karibu kusema ndiyo. Nikamkumbuka Mama akimsogezea Baba kikombe hadi vidole vyake vikiguse. Nikakumbuka Baba anavyosubiri mtu aseme kwanza ndipo amwamkue kwa jina. Kila jambo nilikuwa na maelezo yake: ana mawazo, ana maringo, umri umeenda. Maelezo yote yakaniponyoka kwa pamoja, nikabaki nimeshika usukani kama mjinga.

"Geuza shingo yako mwenyewe," afande akasema. "Zunguka turudie."

Nikazunguka. Tulipofika tena pale nikageuza shingo na kuona kushoto kote, hadi kwa muuza miwa wa mwisho. Nikaingia barabarani salama.

Nilipita. Wenzangu walirukaruka wakipiga simu nyumbani, nami sikujua nishike lipi. Nilimkasirikia Baba kwa miaka yote aliyonipitisha mbele ya malori ya kokoto akitegemea mdomo wa mtoto. Nilimhurumia. Nilimkasirikia Mama na vikombe vyake. Nikafika kwenye pikapu nikiwa na maneno mengi, nikasema moja tu.

"Nimepita."

Baba akacheka kwa nguvu, sijapata kumsikia akicheka vile. Akaninyooshea ufunguo, lakini akaunyoosha pembeni kidogo ya mahali niliposimama. Nikausogelea, nikauchukua. Akazunguka mbele ya gari akipapasa boneti, akaupata mlango wa kushoto, akaketi wima kama abiria wa maana.

Tukaondoka, tumebandika herufi L nyekundu ya wanaojifunza mbele na nyuma, maana leseni yenyewe bado haijatoka. Tulipofika kwenye makutano yale nikapunguza mwendo.

"Kushoto kuko sawa," Baba akasema, kwa sauti ya mtu anayeijua kazi yake.

Nikageuza shingo. Mkokoteni wa punda uliojaa mitungi ya maji ulikuwa unakuja kutoka kushoto, umeshakaribia pua ya gari.

"Asante, Baba," nikasema, nikakanyaga breki, nikangoja upite.