Mwalimu aliyekikana kitabu chake

Saa tatu asubuhi, vumbi la chaki bado linaelea darasani. Mwalimu Pengo anaketi mkekani katikati ya watoto wa chekechea na kufungua kitabu cha picha. Kwenye picha, wingu limekaa kitini, linakunywa chai. Pembeni, samaki anafunga kamba za viatu.

"Huyu samaki anakwenda wapi?"

"Kwa kinyozi!" anadakia mmoja, na darasa zima linaangua kicheko.

Hiyo ni sanaa ya usurealisti, michoro inayofuata mantiki ya ndoto. Mwalimu huyo, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu ya jino lililong'oka zamani, alikipata kitabu hicho kwenye vitabu vya mitumba.

"Watoto hawaulizi kama inawezekana," anasema. "Wanaingia tu."

Lakini yeye hacheki. Macho yake yako kwa binti aliyejikunyata dirishani, anayechora maboksi matupu.

Mwezi uliopita binti huyo alimchora bibi yake akiwa na mlango tumboni. Baba yake, seremala, akaja shuleni kwa hasira, karatasi mkono mmoja, binti mkono wa pili, akafoka mwalimu mkuu akisikia.

"Nani anamfundisha mwanangu wazimu huu?"

Mwalimu Pengo alikuwa bado kwenye majaribio ya kazi. Akakificha kitabu mgongoni. "Sijui, mzee wangu. Labda kaona huko nyumbani."

"Mtoto aliniangalia tu," anasimulia, uso chini. "Hakulia. Angelia, ningepata nafuu. Nilitamani ardhi inimeze."

Jumapili alijikaza, akaenda nyumbani kwao. Seremala alikuwa uani akipiga randa, binti kando yake.

"Mzee wangu, nilikudanganya. Aliyemfundisha ni mimi, nikamtupia mtoto lawama."

Seremala akaweka randa chini, akamgeukia bintiye. "Haya, na ule mlango wa nini?"

"Si ndiko ulikotokea, baba?"

Baba mtu alicheka hadi akashika mbavu. Binti hakucheka. Wala hajarudi kukaa mkekani.

"Baba kanisamehe," anasema mwalimu. "Lakini niliyemkosea si baba."

Mwalimu mkuu bado hajaambiwa. Ijumaa wazazi watakuja kutazama kazi za watoto wao, na Mwalimu Pengo amepanga kukisoma kitabu hicho mbele yao wote, na kusema ni chake.

"Wakinifukuza, poa. Aibu ya kufukuzwa naiweza," anasema, akikung'uta chaki mikononi. "Hii nyingine ndiyo siiwezi."