Chupa ya Chai ya Mwigizaji Bora

Semina ya kuzuia watu kujiua ilifanyika katika hoteli moja hapa mjini Isiolo, na wiki hiyo kliniki yetu ya afya ya akili ilifungwa, kwa sababu wahudumu wake wote walikuwa kwenye semina. Mlangoni walibandika karatasi: tuko kwenye mafunzo, rudini wiki ijayo. Mimi ni muuguzi, nimezoea maajabu ya serikali na ya wafadhili, lakini hilo lilinishinda. Nikasema haya, wenye kukata tamaa wavumilie wiki moja, wataalamu wanakunywa chai.

Karibu nami aliketi muuguzi mwenzangu kutoka Biliqo, Mborana wa makamo, mtu wa swala tano na maneno machache. Tulisoma chuo kimoja zamani. Asubuhi ya kwanza, baada ya salaam aleikum na kuulizana hali za nyumbani, alinikabidhi chupa yake ya chai, ile kubwa ambayo chai yake hutoka hapa Isiolo ikafika Merti ikiwa moto hata lori likikwama njiani. Chupa hiyo tuliijua sote, na hakuwahi kumwazima mtu.

"Chukua, sista," alisema. "Mimi sitaihitaji tena."

Nikadhani amenunua mpya. Nikashukuru na kuiweka chini ya kiti changu.

Mwezeshaji alikuwa ametoka Nairobi na projekta, bango, na fulana za kijani zilizoandikwa "Zungumza, Usinyamaze", zote za kumtosha mtoto wa darasa la sita. Alitueleza kwamba utafiti umeonyesha watu wa kaskazini hawazungumzii hisia zao. Nilitaka kumuuliza walimuuliza nani, na kwa lugha gani, lakini nilikuwa na sambusa mdomoni. Kisha akaonyesha slaidi ya dalili za hatari: mtu kujitenga, kukosa usingizi, kugawa vitu anavyovipenda. Tukanakili wote kwa bidii, vichwa chini. Mimi nilinakili na chupa ya mwenzangu iko chini ya kiti changu.

Ikafika zamu ya igizo. Mmoja awe mgonjwa, mwingine mhudumu, na mwenzangu akapewa kadi ya mgonjwa: wewe ni mkulima, mahindi yako yamekauka. Mborana wa Biliqo, mfugaji tangu mababu, apewe mahindi! Ukumbi ulicheka. Yeye aliisoma ile kadi, akaitia mfukoni, akaanza kusema polepole. Alieleza jinsi ng'ombe wake walivyokufa kwa ukame, mmoja mmoja, mpaka boma likawa halina sauti. Alieleza kwamba watu wa kwao humwita daktari, humletea shida zao zote, na yeye hana pa kupeleka zake.

"Najua ni dhambi," akasema, "lakini nimechoka kuamka."

Makofi yalipigwa mpaka wapishi wakachungulia. Mwezeshaji alifuta machozi, akamtangaza mwigizaji bora, akamvika fulana ambayo haikupita mabega. Mpiga video akamwomba arudie pale pa kuchoka kuamka, kwa sababu jenereta ilikuwa imepiga kelele. Naye, kwa adabu zake zote, akarudia.

Mimi sikupiga makofi. Mguu wangu ulikuwa umegusa ile chupa, ikatikisika, nikasikia imejaa chai. Hakuna mtu anayenunua chupa mpya akakupa ya zamani na chai yake ya safari ndani. Niliogopa, jamani, niliogopa sana. Nikamshika mkono nikamtoa nje mbele ya watu, mimi mama wa kanisa na yeye ustadhi mzima. Wenye kusengenya wangesengenya baadaye. Pale kando ya tangi la maji nikamuuliza wazi, kama tulivyofundishwa.

"Ndugu yangu, unafikiria kujiua?"

Akajibu, "Ndiyo. Nilitaka kukuambia asubuhi. Nikashindwa, nikakupa chupa."

Kliniki ndiyo hiyo ilikuwa imefungwa. Sikumwacha peke yake. Nilirudi naye ukumbini nikiwa bado nimemshika mkono, nikamtafuta muuguzi wetu wa afya ya akili kwenye foleni ya pilau, nikamnong'oneza kwamba mwigizaji bora haigizi. Apewe sifa yake, sahani aliiacha pale pale, na ufunguo wa kliniki alikuwa nao mfukoni. Mwezeshaji alipoelewa, alikaa chini. Nikamwambia mpiga video afute, akafuta. Tukaenda kufungua kliniki na kung'oa ile karatasi mlangoni, tukampigia simu kaka yake, akafika kwa pikapu kutoka Merti. Matibabu yalianza siku hiyo.

Slaidi haikukosea, lazima niseme kweli. Dalili zote zilikuwa pale ukutani. Ila utafiti ulisema watu wetu hawazungumzi, na huyu alizungumza kwa kipaza sauti, mara mbili, tukampa fulana.

Miezi ikapita. Asubuhi moja aliingia wodini kwangu, amenenepa kidogo. Akatoa salaam, akaulizia watoto, mvua, na mbuzi nisio nao. Kisha akatazama dirishani, mahali ambapo chupa yake ilikuwa imekaa muda wote huo.

"Sista, ile chupa yangu," akasema. "Naihitaji."

Nilikuwa nimeshaizoea. Nikagomba kwamba zawadi hairudishwi, kwamba Waborana hawana haya, kwamba aende akanunue yake. Yeye akangoja tu. Nikaijaza chai mpaka shingoni, na kwa furaha nikasahau kufunga kifuniko. Akakifunga mwenyewe.