Makala Iliyomshukuru Mume

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mhariri wa jarida la chuo kimoja kidogo hapa Kasulu. Lilikuwa na wasomaji watatu nikijihesabu na mimi, na kama itakavyoonekana, mimi nilihesabiwa kimakosa.

Siku moja alikuja ofisini mwalimu wa sekondari kutoka Kibondo, mama wa mapacha. Alikuwa ameandika tasnifu ya shahada ya pili juu ya akina mama wa kambi ya wakimbizi ya Nduta wanaobadilishana unga wa mgao na mihogo ya wanakijiji. Kabla ya kuiwasilisha alimpa mhadhiri mmoja wa chuo chetu aipitie. Mhadhiri aliipitia, akaifupisha ikawa makala, akaweka jina lake, nasi tukaichapisha. Chuo kikuu cha yule mama kilipoiingiza tasnifu kwenye kompyuta ya kukagua wizi wa maandishi, kompyuta ikasema yeye ndiye aliyemwibia mhadhiri wetu. Alipewa wiki mbili alete ushahidi, la sivyo anafutiwa masomo.

Nilimweleza kwa sauti ya kitaalamu kwamba tuhuma za aina hii ni ngumu kuthibitisha. Akafungua jarida letu mwisho wa makala, akaweka kidole kwenye shukrani. Mwandishi alimshukuru Mungu, kisha "mume wangu, aliyebaki na mapacha wetu nilipokuwa Nduta."

Mhadhiri ni mwanamume, tena mwenye ndevu. Sentensi ile niliikumbuka vizuri. Mkato baada ya "wangu" niliuweka mimi, na niliridhika nao.

Mwongozo wetu wa maadili ulitaka malalamiko yasikilizwe na kamati. Kamati ilikuwa mwenyekiti, mimi na katibu, na katibu alikuwa huyo huyo mhadhiri. Nilipendekeza akae pembeni. Mwenyekiti, mtu mpole anayekaribia kustaafu, akauliza nani basi ataandika muhtasari. Kwa kweli hakuna aliyekuwa na mwandiko kama wake. Kwa hiyo aliandika yeye: "Mtuhumiwa alihudhuria, na alionyesha utulivu."

Mwenyekiti aliamua pia tusuluhishe kama magomvi yanavyosuluhishwa huku kwetu, kila upande uje na ndugu. Mwalimu alikuja peke yake, maana mume alikuwa na mapacha. Mhadhiri alikuja na mjomba wake kutoka Munanila, na mjomba alikuja na dumu la pombe ya ndizi ya kupatanishia. Kwa kuwa mwalimu ni mlokole, akaongeza kreti ya soda. Katibu akaandika kwamba vielelezo vimepokelewa.

Mjomba alianza na mvua, akapitia maharage, akafika kwenye migomba.

"Kwetu mtu akichukua mche wa mgomba kwa jirani akaupanda kwake, haitwi mwizi," alisema. "Migomba yote ya Munanila ilitoka kwa mtu."

"Mche akichukua, mzee wangu, shina langu linabaki," mwalimu akamjibu. "Huyu kapanda, halafu mimi ndiye ninayefukuzwa shambani."

Mjomba alitafakari, akakubali kwamba mama kasema, akajifungulia soda.

Mwenyekiti akaja na suluhu: jina la mwalimu liongezwe, awe mwandishi wa pili. Mhadhiri alikubali upesi, akaandika kwamba amekubali.

"Na mume je?" mwalimu aliuliza. "Tutakuwa naye wawili?"

Katibu alitaka kujua kama hilo liingie kwenye muhtasari.

Hapo mwenyekiti akapendekeza tuiondoe makala kwa sababu ya hitilafu ya kiufundi. Wote tulilipenda wazo hilo, mimi kuliko wote, kwa kuwa hitilafu ya kiufundi haina mhariri. Mwalimu akasema karatasi ya namna hiyo haitamsaidia, chuo chake kitauliza hitilafu gani na ya nani. Kisha akanigeukia mimi, wala si mhadhiri.

"Mhariri, wewe andika tu kwamba hukuisoma."

Nina shahada mbili, na nimewahi kutoa semina ya uhariri makini. Niliandika kwamba kazi ni ya mwalimu, si ya mhadhiri, kwamba makala imeondolewa, na kwamba mhariri aliipitisha bila kusoma chochote isipokuwa alama za mkato. Barua hiyo ndiyo iliyokuja kumwokoa, lakini siku ile ilikuwa bado haina muhuri, na muhuri hutunzwa na katibu.

Mhadhiri aliutoa kwenye droo. Aliisoma barua taratibu mpaka chini, akalalamika kwamba tumesahau kuandika cheo chake, kisha akagonga.

"Gonga tena," mwalimu alimwambia. "Hapa kwenye jina lako haujashika."

Akagonga tena. Mwalimu akaupuliza wino mpaka ukauka, akatuachia dumu na soda zetu, akaenda kuwahi gari la Kibondo.