Wilbaro Kwenye Mchanga

Leo mtoto wa gredi ya tano amenifunza somo la nguvu na mwendo.
Bado nalia.

Nilipeleka darasa langu mtoni hapa Kambu, mto umekauka. Nikawapanga laini, nikajaza wilbaro mawe. "Sukumeni!"

Gurudumu likazama. Nikasukuma mwenyewe, wapi! Watoto wakanicheka.

Mwende akainua mkono. "Mwalimu, kwa mchanga haisukumwi. Inavutwa."

Akaigeuza, akaivuta kinyumenyume, ikatoka. Tukampigia makofi.

"Nani alikufunza?" nikauliza, bado nacheka.

"Nilikuwa napeleka mama hospitali na wilbaro. Nilisukuma sana. Nilipofikiria kuvuta, alikuwa hapumui tena."

Makofi yakaisha.

Walimu wenzangu, nyinyi mngesema nini?

Mimi nilisema, "Vizuri sana, Mwende. Rudi kwa laini."