Senti Kumi Chini ya Sufuria

Harufu ya senti kuukuu siivumilii mpaka leo. Nikishika sarafu ikaniachia ile harufu ya shaba vidoleni, nakimbilia sabuni. Wenzangu kazini hunicheka, wanadhani ni madaha. Si madaha. Harufu hiyo ndiyo iliyokuwa Jumapili yetu pale Maringo, miaka ya themanini, nikiwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Tumetoka kanisani, mama amepanga foleni mferejini, upepo unatuletea moshi wa viwandani, na baba amekaa mezani na sanduku lake la bati, anapanga senti zake za kale juu ya taulo safi ambayo sisi tulikatazwa kujifutia. Baba alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, na kila kitu chake kilikuwa na mahali pake maalumu. Chumba chetu kilikuwa kimoja. Sanduku lilikuwa na rafu yake, na mimi na mdogo wangu Barasa tulilala chini ya meza.

Rafiki yake, Mzee Gathogo, fundi cherehani wa mlango wa tatu kutoka kwetu, naye alikusanya senti. Walikuwa na swali lao ambalo hawakuagana bila kuulizana: moto ukishika nyumba, na mkono unaweza kuokoa senti moja tu, unatoka na ipi? Mzee Gathogo alikuwa na jibu jipya kila wiki, leo rupia ya Wajerumani, kesho shilingi ya fedha. Baba hakubadilisha. Aliinua senti kumi moja nyeusi nyeusi, yenye tundu katikati, iliyotolewa enzi za ukoloni kwa jina la mfalme aliyekiacha kiti chake hata kabla ya kuvikwa taji, akamfuata mwanamke. Baba aliisimulia habari hiyo kwa sauti ya upole ambayo sisi hatukuwahi kuonjeshwa. Huyo ndiye mwanamume, alikuwa akisema. Mama alisikia yote, yuko mlangoni anachambua sukuma wiki. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuliza, moto ukishika nyumba, ni mtoto yupi atakayetolewa kwanza.

Kisha baba naye akamfuata mwanamke wake. Ilikuwa Jumamosi, mchana kweupe, majirani wote wako nje wanafua. Alikodi mkokoteni, akapakia redio, suti zake mbili na viatu, na sanduku la bati akalibeba mwenyewe kifuani kama mtoto mchanga. Alikuwa anahamia Donholm, kwa mwanamke mwenye nyumba yenye jiko na choo ndani. Mama hakuinua kichwa kwenye karai lake la nguo. Basi kwa kuwa watu walikuwa wanatazama, baba akaona afanye jambo la mzazi, akafungua sanduku juu ya kizingiti na kutuambia kila mmoja achague senti moja, ile aipendayo kuliko zote, ya kumkumbukia. Barasa, ambaye alikuwa na miaka sita na hakujua kinachoendelea, alichukua shilingi yenye simba, na kabla ya wiki kwisha alikuwa ameshaipoteza. Mimi sikutazama zinazong'aa. Nilipeleka mkono moja kwa moja kwenye ile yenye tundu.

Uso ulimshuka. "Hiyo huielewi, mama," akaniambia, akinishikisha shilingi nyingine kubwa. "Chukua hii, ona inavyong'aa."

"Umesema nichague," nikamjibu, nikafumba ngumi.

Mwenye mkokoteni alikohoa. Baba aliwatazama majirani, akafunga sanduku na kuondoka, na mimi nikabaki na ngumi yangu, nina hasira na furaha pamoja. Nisidanganye, nilikuwa na hesabu yangu. Nilijua anachokipenda baba kuliko vyote duniani, na sasa kilikuwa shingoni mwangu kwa uzi, ndani ya gauni. Nilisema moyoni, hatamaliza mwezi, huyu. Atairudia senti yake, na akiirudia amerudi nyumbani. Nililala nayo, nikaoga nayo, nikamwahidi Barasa kwamba baba anakuja. Mama alipata kibarua cha kupaki biskuti huko huko Industrial Area, akitoka asubuhi na kurudi miguu imevimba, na kila nilipomkanda miguu hiyo niliishika senti kwa mkono mmoja.

Na kweli alikuja, mwezi wa pili tangu aondoke, Jumapili baada ya kanisa. Barasa alimkimbilia hadi mwisho wa ploti, akapiga kelele mpaka Mzee Gathogo akatoka nje kuona kuna nini. Baba aliketi na mkate wake wa kuja nao. Hakuuliza shule. Hakuona kwamba Barasa ameng'oka meno mawili ya mbele. Alisubiri mama aende mferejini, akatoa bahasha mfukoni, ndani mna senti nane au tisa za kila namna, akanisogezea. Akasema nimpe ile moja, nichukue hizo zote. Niliziangalia, nikamwangalia yeye, ndipo nikaelewa. Alikuwa ameifuata senti, basi. Nilimdanganya kwamba iko kwa rafiki yangu, aje Jumapili ijayo. Akaondoka haraka, amefurahi, na mkate hatukuula mpaka ukaota ukungu.

Jumatatu nilipotoka shule nilibeba sufuria yetu kubwa, ile iliyokuwa inavuja na ambayo mama aliziba kwa sabuni kila alipochemsha maji, nikaenda kwa fundi wa sufuria kando ya Barabara ya Jogoo. Mafundi wale walipenda zile senti za zamani, maana tundu lilikuwa tayari na shaba haishiki kutu. Nilikata uzi shingoni, nikampa. Akaniuliza kama nina hakika, kwa kuwa ilikuwa nzima bado. Nikamwambia agonge. Aliweka senti upande wa chini, kipande cha bati ndani, akapitisha msumari mfupi, akaugonga pande zote mbili hadi ukawa bapa. Kila pigo la nyundo nililifurahia.

Baba alikuja Jumapili kama alivyoahidi, ametupia suti. Sufuria ilikuwa juu ya jiko la makaa, chai inachemka. Aliponiuliza, nilimwonyesha kwa kidole. Mwanzo hakuelewa. Kisha akapiga magoti sakafuni na suti yake, akainamisha kichwa mpaka karibu na makaa, akaiona, imeshakuwa nyeusi kwa masizi.

"Umeiharibu," akasema.

"Sufuria ilikuwa inavuja, baba. Ilikuwa inavuja hata ulipokuwa hapa."

Mama alinipiga kofi, kwa sababu ilibidi, halafu akammiminia baba kikombe kutoka kwenye sufuria ile ile. Aliinywa chai yote, akaenda, na hakuja tena kwa miaka.

Siku hizi naishi Kayole, ghorofani, na wanangu wanalipa kila kitu kwa simu. Senti hawaijui harufu yake. Baba ni mzee wa mkongojo. Yule mama wa Donholm aliaga dunia, sanduku la senti liliuzwa, na Jumapili baba huletwa kwangu kula. Namlisha. Nampa mahali pa kukaa penye jua. Zaidi ya hapo asinitafute. Juzi nilimkuta jikoni peke yake, ameipindua ile sufuria, anasugua masizi kwa kidole gumba pale penye msumari. Akaniuliza, bila kugeuka, kwa nini kati ya zote nilichagua ile.

"Nilidhani utaifuata," nikamwambia.

"Lakini niliifuata, Nafula. Nilikuja mara mbili."

"Ndiyo," nikasema. "Uliifuata hiyo."

Nikaitoa sufuria mikononi mwake, nikaijaza maji na kuiweka kwenye moto. Haivuji.