Bi Usafi na Bwawa la Kijani

Jua la utosi linawaka, na Bi Usafi amelala kifudifudi ukingoni mwa bwawa kama mtu aliyedondosha pete. Anachota maji kwa glasi, anayainua kwenye mwanga, anakodoa macho. Maji ni ya kijani. Zamani yangemtia kichefuchefu.

Jina hilo la utani alipewa na wifi yake, enzi akisafisha wodi za hospitali. Alipoajiriwa kutunza vifaranga wa samaki, alihamia na tabia zake. Ukijani ukianza tu kutanda, anamwaga maji, anasugua kuta, anajaza upya. Wageni walisifu kwamba unaona mpaka chini. Naye, kusema kweli, kichwa kilivimba.

Kiangazi kilipopamba moto, vifaranga wakaanza kuelea, matumbo yamebonyea. Akadhani ni uchafu, akazidisha kusugua. Wakafa bwawa baada ya bwawa, hadi likabaki moja.

Mtaalamu aliyeitwa na mwenye mabwawa hakumlaumu. Alimweleza kwamba vifaranga hula vijidudu wadogo kama punje za chumvi, na vijidudu hao hula ule ukijani. Maji yakiwa maangavu, miale mikali ya jua hupenya na kuwaunguza vijidudu hao. Wakikimbilia chini, bwawa lenyewe lina kina kifupi, wanakuta joto, na joto huwazidishia njaa. Chakula chao, ule ukijani, Bi Usafi alishakimwaga; wakafa wao, kisha vifaranga.

"Nililia sana," anasema. "Nimewaua kwa njaa huku nikijisifu."

Mwenye mabwawa alimwachia hilo lililobaki: wakifa na humo, kazi basi. Bi Usafi akaongeza kina cha maji, akatandaza wavu mweusi juu ya nusu ya bwawa, kisha akafanya jambo gumu kuliko yote, akaliacha. Wifi yake alipopita aliuliza kama siku hizi anafuga samaki au vyura.

Leo, ndani ya glasi, vitone kama punje za chumvi vinarukaruka. Anatumbukiza mkono upande wa kivuli na vifaranga wanakuja kumdonoa vidole, matumbo yamejaa. Anacheka peke yake.

Kazini amebakishwa. Sasa anataka mabwawa mengine yachimbwe yawe na kina zaidi kabla ya kiangazi kingine. Brashi ameihamishia nyumbani.

"Huko nasugua sufuria mpaka ziombe msamaha," anasema, akiyarudisha maji ya glasi bwawani polepole, asimwage hata tone nje.